Shukrani kwa Bwana Sayles

Jina la Lyman Sayles liliingia nyumbani kwa akina Petrunak siku ya Jumanne mchana, ndani ya bahasha nene ya rangi ya maziwa, na Marlene ndiye aliyeipokea kwa mikono yake mwenyewe. Angejua, angeichana pale pale barazani na kuyatupa makaratasi kwenye theluji iliyokuwa ikiyeyuka. Lakini juu ya bahasha palikuwa na nembo ya Chuo cha Sheria cha Hollister, na mwanawe alikuwa akingoja barua za vyuo tangu Krismasi. Basi aliingia nayo jikoni mbio mbio.

"Larissa! Hollister wamejibu!"

Larissa alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na kwa muda huo alikuwa akipokea simu kwenye kliniki ya meno huku akisubiri maisha yaanze. Aliifungua bahasha kwa kisu cha siagi, akaisoma kimya, kisha akairudia tangu mwanzo. Baba yake, Basil, aliweka kikombe cha kahawa chini. Mjomba Myron, kaka yake Marlene, alitoa kichwa chini ya sinki. Kila Jumanne Myron alikuja kutengeneza bomba lile lile, na kila Jumanne kazi iliisha chakula kilipoiva.

"Hebu soma kwa sauti, mama wee," Myron alisema. "Au sisi ni viti hapa?"

"Wananilipia kila kitu," Larissa alisema taratibu. "Ada yote, miaka mitatu. Na vitabu."

Marlene alipiga yowe la furaha lililomtoa paka jikoni. Myron akampiga shemeji yake bega, akauliza kama kuna bia, akajijibu mwenyewe kwa kufungua friji. Larissa peke yake ndiye ambaye hakucheka.

"Kuna jina," alisema. "Huu ufadhili una jina la mtu. Unaitwa Ufadhili wa Lyman Sayles."

Basil aliushusha mkono wake wa kulia chini ya meza. Mkono huo ulikuwa na kidole gumba na cha shahada tu. Vile vitatu vilibaki kwenye mashine ya kiwanda cha vioo miaka kumi na miwili nyuma. Hakuna aliyemwambia aufiche, na yeye mwenyewe hakujua kwamba ameuficha.

"Yule fisi," Marlene alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, na waliomfahamu walijua kwamba ikiwa ndogo hivyo ni hatari. "Yule fisi mvaa suti. Lete hapa hiyo barua niiwashie jiko."

"Dada, subiri kwanza," Myron alisema.

"Nisubiri nini? Alikuja hospitali siku ya tatu, Myron! Siku ya tatu! Mume wangu amejaa dawa za maumivu hajui leo wala kesho, yeye anamwekea makaratasi kifuani na kisanduku cha chokoleti. 'Tia sahihi hapa, Pete, ni utaratibu tu.' Pete! Hata jina lake hakulijua!"

Hayo wote waliyajua, lakini hakuna aliyemkatiza. Sayles alikuwa wakili wa kiwanda. Basil aliomba miwani yake asome, akaambiwa hakuna haja, akatia sahihi kwa mkono wa kushoto. Walilipwa dola elfu kumi na moja. Walipokwenda kwa wakili mwingine kuuliza kama hiyo ndiyo thamani ya vidole vitatu vya fundi, wakili yule alifungua ukurasa wa nne, akasoma kwa dakika moja, akawarudishia makaratasi yao. Basil alikuwa ameachilia madai yote, dhidi ya wote, daima. Tangu siku hiyo hakusoma tena kitu chochote mbele za watu, hata gazeti.

Kwenye mlango wa friji, chini ya sumaku yenye umbo la samaki, palikuwa na barua nyingine iliyofika wiki moja nyuma. Hiyo ilikuwa ya Boston. Chuo chenyewe kilikuwa kikubwa kiasi kwamba Marlene alikitaja kwa kushusha sauti, kama watu wanavyotaja ugonjwa. Boston walimkubali Larissa, wakampunguzia kidogo, na kilichobaki, ukijumlisha ada na chumba na chakula, kilikuwa karibu dola laki mbili na nusu za mkopo.

"Laki mbili na nusu," Myron alisema, akiiangalia barua ile. "Nyumba hii na mtaa mzima havifiki hapo, hata ukitupia na mbwa wa jirani Fedorko."

"Atakwenda Boston," Marlene alisema. "Nitaiweka nyumba rehani. Nataka atoke kule na jina ambalo Sayles akiliona kwenye karatasi ya mahakama, mate yatamkauka. Nataka amburute yule mzee mpaka alie mbele ya watu. Hiyo ndiyo sababu nimeosha vyoo vya hospitali miaka yote hii. Mnadhani ni kwa nini?"

Na hakusema uongo. Wazazi wengine katika bonde lao la viwanda walitaka watoto wao wawe mawakili ili wanunue gari zuri na waache kukohoa. Marlene alitaka wakili kama mtu anavyotaka bunduki.

Larissa aliikunja barua ya Hollister vizuri, akaiweka kwenye friji, chini ya sumaku ile ile, juu ya ile ya Boston.

"Ngoja nifikiri," alisema.

*

Siku za Alhamisi za Kwaresima wanawake wa kanisa hukutana kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa kutengeneza pirogi za kuuza Ijumaa. Mmoja husukuma unga, mwingine hukata duara, wa tatu huweka viazi na jibini, na waliobaki hukaa kwenye meza ndefu wakibana kingo kwa vidole, mia baada ya mia, huku midomo ikifanya kazi kuliko vidole. Marlene alikuwa mbanaji hodari. Pirogi yake haikuwahi kupasuka sufuriani.

"Nasikia Sayles anamsomesha Larissa wenu," alisema Dorothea Fedorko kutoka upande wa pili wa meza. "Kumbe mzee ana moyo."

Marlene alijua mara moja ni nani aliyetoa habari, na kwamba Jumanne ijayo Myron angekula nje na mbwa.

"Bado hatujaamua," alisema.

"Muamue nini tena? Pesa ya bure! Wangu mimi anasomea kunyoa nywele na bado wananidai." Dorothea alichota viazi kwa kijiko. "Halafu mambo ya zamani, Marlene, yaache yapite. Si Basil mwenyewe alitia sahihi? Hakushikwa mkono."

Marlene alibana pirogi iliyokuwa mkononi mwake hadi viazi vikatokea pembeni, akaitupa ndooni, akachukua nyingine. Hakushikwa mkono! Hayo ndiyo watu waliyasema nyuma yake kwa miaka kumi na miwili, na sasa wameanza kuyasema mbele yake, kwa sababu sasa alionekana ni mtu wa kupokea. Alimaliza zamu yake kwa kiburi, akavua aproni, akatoka bila kuchukua ile dazeni ya bure ambayo kila mfanyakazi hupewa.

Nyumbani alimkuta Larissa kwenye simu, amesimama wima kama yuko kanisani.

"Ndiyo, Bi Pomeroy. Naelewa. Lakini sharti linasema nibaki kwenye theluthi ya juu ya darasa, la sivyo ufadhili unaondoka mwaka wa pili. Nami nimeuliza wanafunzi wenu. Wenye ufadhili wote thelathini mnawaweka darasa moja la watu arobaini. Sasa, Bi Pomeroy, watu thelathini wote hawawezi kuwa theluthi ya juu ya watu arobaini." Kimya. "Sikulaumu wewe. Nasema tu kwamba Boston hawana sharti kama hilo, na barua yao ninayo hapa." Kimya kirefu zaidi. "Sawa. Kwa maandishi. Na kama pesa ni za bwana Sayles, basi na atie sahihi yeye mwenyewe. Asante sana."

Akakata simu. Marlene alikuwa bado hajavua koti.

"Kwa hiyo unawabembeleza."

"Ninapatana nao, mama. Kila mtu anapatana. Boston nao niliwapigia, wakaongeza elfu tatu na kunitakia kila la heri."

"Unajua nimeambiwa nini leo chini ya kanisa? Kwamba baba yako alijitakia. Dorothea kanitazama usoni na kuniambia hivyo, mbele ya watu kumi na wanne, kwa sababu yako! Kwa sababu wewe unakwenda kulamba mkono wa yule mzee!"

"Mama, kaa."

"Sikai! Boston unatoka mtu. Hollister unatoka karani wa kuandika wosia za vikongwe."

"Boston natoka na deni," Larissa alisema. Naye alikuwa amechoka, na sauti yake ilipanda. "Nitakwenda kufanya kazi kwenye kampuni kubwa ili nililipe. Na unajua kampuni kubwa zinatetea nani? Viwanda. Nitakuwa mimi ndiye ninayepeleka chokoleti hospitali. Miaka kumi na tano hivyo, labda ishirini, ndipo niwe huru kumshtaki mtu nimtakaye. Sayles ana miaka sabini na tisa, mama. Atakuwa ameshakufa zamani, amezikwa na maua, na jina lake limeandikwa kwenye ukuta wa maktaba."

"Basi bora asiwepo kuliko wewe umshukuru! Maana utamshukuru, sivyo? Nimeisoma hiyo barua yenu. 'Mnufaika atasoma barua ya shukrani kwa mfadhili kila mwaka, kwenye chakula cha mchana cha wafadhili.' Utasimama mbele ya watu useme asante, bwana Sayles. Mwanangu niliyemzaa!"

"Nitasimama," Larissa alisema.

Marlene aliinua mkono ampige. Hakuwa amempiga tangu akiwa mtoto wa miaka saba, na mkono wenyewe ulibaki juu, haujui uende wapi. Basil alitokea kwenye mlango wa ngazi za chini ya nyumba. Alikuwa amevaa miwani yake ya kusomea, jambo ambalo Marlene hakuliona kwa miaka, na kwapani ameshika karatasi fulani. Marlene alidhani ni maelekezo ya mashine ya kukatia majani.

"Mwache, Marlene," Basil alisema. "Anajua anachofanya."

"Na wewe unamsaidia! Wewe, wa kwanza kabisa!"

"Mimi nitakwenda kula hicho chakula," Basil alisema. "Na wewe utakuja. Vaa lile gauni la buluu."

Tarehe ya mwisho ya kulipa pesa ya kushika nafasi ilikuwa Aprili kumi na tano, kwa vyuo vyote viwili. Marlene hakuzungumza na binti yake hadi tarehe kumi na mbili. Alimpikia, alimfulia, alimwachia chakula kwenye jiko. Lakini neno, hakumpa.

*

Chakula cha wafadhili kiliandaliwa tarehe hiyo ya kumi na mbili, kwenye ukumbi wa hoteli mjini, mwendo wa dakika arobaini kwa gari kutoka kwao. Meza zilikuwa za duara, vitambaa vyeupe, na mbele ya kila sahani palikuwa na kadi yenye jina la mtu. Kwenye kadi ya Basil waliandika Bazil, na ya Marlene walisahau kuiandika, hivyo mhudumu alikwenda kumletea kiti cha kukunja. Marlene alikikalia kama mtu anayekalia miiba.

Kabla watu hawajaketi, mama mmoja mwembamba mwenye mkufu wa lulu aliwajia haraka. Ndiye Bi Pomeroy, mkuu wa udahili. Mkononi alikuwa na jalada la ngozi, na nyuma yake alifuata mzee mrefu, mwekundu wa mashavu, nywele nyeupe zimechanwa vizuri. Marlene hakuhitaji kuambiwa ni nani.

"Bwana Sayles, huyu ndiye Larissa wetu," Bi Pomeroy alisema. "Na hii ndiyo ile barua ya ufadhili niliyokutajia kwenye simu. Imeboreshwa kidogo. Ni kurasa mbili tu, inahitaji sahihi yako."

"Ala! Huyu ndiye aliyewakaba koo?" Sayles alicheka. "Nimesikia habari zako, binti. Unajua kupatana. Unanikumbusha mimi mwenyewe nilipokuwa kijana."

"Nashukuru, bwana," Larissa alisema. Akamfungulia jalada, akamgeuzia ukurasa wa kwanza kisha wa pili, akaweka kidole mahali penye maandishi. "Tafadhali isome kwanza. Hasa hapa, kwenye ukurasa wa pili."

"Nimekuwa wakili miaka arobaini na mitatu, mpenzi wangu. Naijua karatasi ya utaratibu nikiiona."

"Hata hivyo, ningependa uisome."

"Sikia huyu!" Sayles alimkonyeza Bi Pomeroy, akatoa kalamu ya wino mfukoni, akatia sahihi kubwa yenye mikia miwili huku mpiga picha akimulika. Bi Pomeroy alitia ya kwake chini, kwa niaba ya chuo, akampa Larissa nakala. Marlene alisimama pembeni ameshika koti la mwanawe, akiona yote, akifikiri moyoni: ndiyo hivyo, tumeshauzwa.

Waliketi meza moja na mfadhili, kwa kuwa hiyo ndiyo heshima yenyewe. Chakula kilikuja: nusu ya kuku mzima, na mifupa yake. Basil alimtazama kuku. Nyumbani Marlene humkatia nyama kabla hajaleta sahani mezani, na hakuna anayesema lolote. Hapa alilazimika kuivuta sahani ya mumewe mbele ya watu nane wageni na kumkatia vipande vidogo kama mtoto mchanga, huku mke wa mfadhili mwingine akijifanya anasoma ratiba.

Sayles aliona mkono ule. Uso wake ukawa wa huruma, akaweka uma chini.

"Na wewe bwana, ulipigana vita gani?"

Basil aliinua macho. "Nini?"

"Mkono wako. Ulikuwa jeshini, bila shaka."

Marlene alifungua mdomo, lakini chini ya meza goti la Basil liliusukuma mguu wake. Tulia.

"Sikuwa jeshini," Basil alisema.

"Ah, mnyenyekevu. Wanajeshi wa kweli hamjisifu." Sayles alinyoosha mkono juu ya meza, akampiga bega. "Asante kwa utumishi wako, Pete."

Kadi yenye jina la Basil ilikuwa pale mezani, hatua moja kutoka puani mwa Sayles. Pete! Marlene alikishika kisu cha kukatia kuku, akakishika sana, kisha akakiweka. Alijichukia kwa kukiweka. Alimtazama binti yake, aliyekuwa akila viazi vyake taratibu kama mtu asiye na haraka hata kidogo, na kwa mara ya kwanza maishani alimwonea aibu.

Walipoleta keki, Bi Pomeroy alipanda jukwaani na kumwita Larissa. Watu walipiga makofi ya adabu. Wahudumu waliendelea kumimina kahawa, kwa sababu barua za shukrani ni barua za shukrani, kila mwaka ni zile zile, na watu huzisikiliza kama wanavyosikiliza mvua.

"Nimeambiwa nisizidi dakika nne," Larissa alianza. "Barua hii niliipeleka ofisini wiki mbili zilizopita, kama utaratibu unavyotaka. Ilirudi na maandishi juu yake: 'Nzuri sana, urefu unafaa.' Nashukuru ofisi kwa kuniruhusu."

Watu wakacheka kidogo. Bi Pomeroy akatabasamu.

"Bwana Sayles, leo umenilipia masomo, na ninakushukuru. Lakini hii si mara ya kwanza kuisaidia familia yetu. Mara ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Ulikuja hospitali na kisanduku cha chokoleti. Nilizila zote mimi. Zilikuwa na njugu ndani."

Sayles aliitikia kwa kichwa, akiwaangalia majirani zake kama mtu anayepewa sifa aliyokwisha kuisahau.

"Kitandani alikuwa baba yangu. Anaitwa Basil Petrunak. Alikuwa fundi wa kiwanda cha vioo, kwenye mashine ambayo kinga yake ilifunguliwa ili kazi iende haraka. Wewe ulikuwa wakili wa kiwanda. Ulimpa kurasa tano. Baba aliomba miwani. Ulimwambia hakuna haja, ni utaratibu tu wa kulipia kitanda. Akatia sahihi kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana sahihi yake inafanana na ya mtoto. Ukurasa wa nne ulisema hatadai chochote, kwa yeyote, daima. Vidole vitatu, dola elfu kumi na moja."

Mhudumu mmoja aliacha kumimina. Kijiko cha mtu kilisikika kikigonga sahani kule nyuma.

"Leo mezani umemuuliza baba yangu alipigana vita gani, ukamshukuru. Baba hakupigana vita, bwana Sayles. Alikuwa akitengeneza vioo vya madirisha. Pengine na vya ofisi yako."

Machozi yalikuwa yakimtoka Marlene na hakuyafuta. Alikuwa na furaha, furaha kali, mbaya, tamu, ambayo hajapata kuionja tangu azaliwe, naye alimtazama Lyman Sayles usoni ili asipitwe na kitu. Mashavu mekundu yalikuwa yamegeuka rangi ya majivu. Midomo ilikuwa ikitafuta neno. Mtazame, alijiambia, mtazame vizuri, Marlene, hii ni yako.

"Nilikuwa na nafasi Boston," Larissa aliendelea, na hapo sauti yake ilitetemeka kidogo, kwa sababu Boston aliitaka kweli, aliitaka tangu akiwa mtoto, na mama yake hakuwa amemuuliza hilo hata mara moja. "Nimeiacha. Nitasoma hapa, karibu na kwetu, kwa pesa zako, mpaka nimalize, nami nitatoka bila deni la mtu yeyote. Nina orodha ya watu bondeni kwetu waliotembelewa hospitali. Nitaanza nao. Na kwa kuwa mkataba unasema mnufaika atakushukuru kila mwaka, basi mwaka ujao nitakuja tena na baba yangu, tukae meza moja nawe, nikushukuru. Na mwaka wa baada ya huo. Nakuombea afya njema na maisha marefu."

Hakuna aliyepiga makofi. Halafu kwenye meza ya wanafunzi, kule karibu na mlango wa jikoni, mmoja akapiga, na mwingine, na mhudumu aliyeshika birika akaliweka chini naye akapiga.

Sayles alisimama na kujishika kwenye kiti. Hakumtazama Larissa aliyekuwa akishuka. Alimtazama Bi Pomeroy, aliyekuja mbio na mkufu wake.

"Jumatatu asubuhi," alisema, mate yakimruka, "huyo msichana hana hata senti moja yangu. Unanisikia? Hata senti!"

"Bwana Sayles, tafadhali, watu wanasikia..."

"Wasikie!"

"Haiwezekani, bwana." Bi Pomeroy alikuwa mweupe kama kitambaa cha meza. "Barua mpya inasema mfadhili hawezi kuuondoa wala kuupunguza kwa sababu yoyote. Miaka yote mitatu. Umetia sahihi mbele yangu. Alikuomba uisome."

"Nimetia sahihi nini? Wapi?"

Basil alichukua miwani yake kutoka mfuko wa koti, akaivaa bila haraka. Kisha akauinua mkono wake wa kulia kutoka chini ya meza na kuuweka juu ya kitambaa cheupe, katikati, mbele ya watu wote, gumba na kidole kimoja, akauacha hapo.

"Ukurasa wa pili," alisema. "Wangu ulikuwa wa nne."